Chekeche la Daktari Lugendo

Chekeche likibana mno, hupita vumbi. Mmelisikia leo kwa yule mama kwenye foleni ya usaili, alipomrushia karani aliyekuwa akirudisha watu mlangoni kabla hata hawajafungua mdomo. Mkacheka. Sasa mmekaa chini, mnauliza neno lile lilitoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Kulikuwa na chuo cha waganga huko nyanda za juu, kwenye baridi ya kuvaa koti juu ya koti. Kila mwaka chuo kile kilipokea vijana wengi kwa shangwe, kikawapa magodoro, kisha kikaanza kuwatafutia sababu ya kuwarudisha makwao. Maana mwaka wa pili ulikuwa na chumba kimoja tu cha mazoezi, na viti vya kuhesabika. Mtu mwenye akili timamu angemwita seremala. Wao walimwita Daktari Lugendo.

Daktari Lugendo alifundisha Kemia ya Awali, somo la kila anayeingia. Siku ya kwanza alikuja darasani na chekeche la waya, akalitundika kwenye msumari kando ya ubao.

"Mnaliona hili? Hili ndilo mimi," akasema. "Mkianguka, msininunie. Chekeche halimchukii mtu. Lina matundu tu."

Basi akafundisha amewapa mgongo, mkono wa kulia ukiandika na wa kushoto ukifuta. Ukimuuliza swali, anakujibu, "Hilo ulitakiwa kuja nalo kutoka sekondari." Ukimfuata ofisini na swali jingine, anakwambia, "Hilo tutalifikia wiki ijayo." Wiki ijayo ikifika, ameshalipita. Mtihani nao ukija, unauliza yale aliyoyafuta kabla hamjayanakili.

Miongoni mwa waliokuwa wakikimbizana na kifutio kile alikuwamo binti wa Kinyakyusa, Tusajigwe. Kijijini kwao zahanati ilikuwa imejengwa, ikapakwa rangi, ikazinduliwa kwa ngoma, halafu hakuletwa mganga. Wenye homa walibebwa kwa machela kuvuka mto, na si wote waliofika. Tusajigwe alikuwa ameazimia kuwa mganga wa zahanati ile, na wazee wa kwao walishaanza kumwita hivyo. Lakini mtihani wa kuandika wa Lugendo ulikuwa umemwangusha, na sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukianguka na ule wa vitendo, unafunga sanduku.

Siku ya mtihani wa vitendo alisimama meza moja na Masalu, kijana wa Kisukuma mwenye mkono mtulivu kama wa fundi saa. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kuna bomba jembamba la kioo lenye alama, huitwa bureti. Unalijaza tindikali, unaidondosha tone kwa tone ndani ya chupa yenye maji ya magadi yaliyotiwa dawa ya rangi ya waridi. Rangi ikitoweka, unafunga, unasoma umetumia tindikali kiasi gani. Basi.

Tusajigwe akadondosha, akafunga, akasoma: thelathini na moja. Akamwaga, akaosha, akaanza upya. Thelathini na moja.

"Dada, wewe umepata ngapi?" Masalu akamnong'oneza.

"Thelathini na moja."

"Na mimi hiyo hiyo. Afadhali. Nilidhani nimeota."

Meza ya pili alikuwapo Beda, kijana wa mjini, amekunja mikono. Bureti yake ilikuwa kavu. Karatasi yake ilikuwa imeshajaa.

"Beda, mbona hujapima?"

"Nipime nini? Jibu ni ishirini na tano. Ni ishirini na tano tangu kaka yangu alipokuwa hapa. Nyie pimeni tu, mtaishia kupima barabara ya kwenda kwenu."

Meza za nyuma wakacheka. Tusajigwe akaitazama karatasi yake. Mkono ukaenda kwenye kifutio, ukasita. Akawaza, leo nikiandika nisichokiona, kesho kwenye homa ya mtoto wa watu nitaandika nini? Akaacha thelathini na moja yake ilipo.

Matokeo yakabandikwa asubuhi moja. Waliopata ishirini na tano wamepita. Waliopata thelathini na moja, chini wote, mstari mwekundu.

Masalu akafunga sanduku lake asubuhi ileile. "Twende zetu, dada. Nimechoka kuulizwa maswali na mtu asiyetaka nijue majibu."

"Mimi siondoki mpaka anioneshe kosa langu kwa kidole."

"Ah, Wanyakyusa na ubishi!"

"Na ninyi Wasukuma na haraka! Ngoja basi hadi mchana."

"Basi la mchana halifiki kwetu," Masalu akasema, akalibeba sanduku begani, akaenda.

Tusajigwe akaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Chuo, Mama Nyoni, mtu mzima asiyependa kelele. Lugendo akaitwa. Akaingia akitabasamu, maana wenye kulia alishawazoea.

"Shikamoo, Daktari," Tusajigwe akasema.

"Marahaba. Umekuja kuomba huruma?"

"Hapana. Nimekuja kuomba upime wewe."

"Nipime mimi? Binti, nimepima kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakuomba, Daktari. Mwanafunzi hujifunza kwa kumtazama anayejua."

Mama Nyoni akavua miwani. "Pima tu, Lugendo. Dakika chache hizi zitakupunguzia nini?"

Wakaingia maabara. Habari hukimbia, mara madirisha yote yakajaa vichwa. Lugendo akajaza bureti kutoka kwenye mtungi uleule wa mtihani, akaanza kudondosha kwa madaha. Akafika ishirini na tano. Rangi ya waridi ikamtazama. Ishirini na saba. Ipo. Tabasamu likaanza kumlegea. Ilipotoweka, Mama Nyoni akainama akasoma mwenyewe kwa sauti, "Thelathini na moja."

Lugendo akamgeukia mtunza maabara. "Mzee Kiswaga, umeweka nini humu?"

"Maji, Daktari."

"Maji! Nani alikutuma?"

"Si wewe? Nilikwambia tindikali haitoshi darasa lote. Ukasema, ongeza maji ienee, usiharibu tindikali nzuri kwa watu wanaoondoka."

Nje ya dirisha mtu mmoja akaguna, "Loo!"

"Kwa hiyo tindikali ilipungua nguvu, ikahitajika zaidi," Mama Nyoni akasema polepole, "na waliopima ndio uliowaangusha. Na waliopata ishirini na tano, waliipata wapi?"

Beda akaitwa. Akatazama viatu vyake. "Kwa kaka, Mama. Kila mwaka jibu ni hilo."

Hapo Lugendo akakasirika, na mtu akikasirika katika kosa lake huongea zaidi ya haja. "Sawa, pengine limetokea kosa moja. Lakini lazima tuchuje! Mnataka kila mtu apite? Kazi ya chekeche ni nini?"

Tusajigwe alikuwa amevumilia mwaka mzima. Akasema, na hakupaza sauti, "Daktari, nyumbani tunachekecha ulezi. Unachagua matundu ya kupitisha ulezi, mawe yanabaki juu, unayatupa. Wewe umebana matundu mpaka ulezi na mawe vyote vimebaki juu, ukatupa vyote. Chekeche likibana mno, hupita vumbi."

Mama Nyoni akatoka. Jioni karatasi nyingine ikabandikwa: wa thelathini na moja wamepita, wa ishirini na tano warudie, na safari hii wapime.

Mngependa hadithi iishie hapo, eti? Haiishii. Lugendo alipewa somo lilelile mwaka uliofuata. Ndiyo, lilelile! Walichomkataza ni kuongeza maji tu. Na wengi wa waliokwisha kuondoka hawakurudi. Tusajigwe alimtuma utingo wa basi amwambie Masalu kwamba amepita. Utingo akarudi na jibu: "Anasema asante. Ameshaanza kazi ya kutengeneza redio, na huko hawajamwambia ajue kabla hajafundishwa."

Mkono ule ungeshona vidonda vya watu. Unashika nyaya.

Tusajigwe yeye alimaliza, akarudi kwao, mlango wa zahanati ukafunguliwa. Lakini alikuwa mmoja, na foleni ilizunguka jengo. Akina mama waliokaa juani tangu alfajiri humuuliza, "Mganga, wenzako wako wapi? Ina maana huko chuoni ulisoma peke yako?"

Naye, huku akipima homa ya mtoto aliye mbele yake na kusubiri kipimo kiseme chenyewe, huwajibu: "Tulikuwa wengi, mama. Lakini chekeche likibana mno, hupita vumbi."