Bahari Mbili za Maalim Shekuwe

Mficha swali, jibu humpita mlangoni. Methali hii ilianza hivi, nanyi mliouliza chanzo chake mmekwisha kuitii kabla hamjaijua.

Mji wa Shungwi ulikuwa na mwanachuoni aitwaye Maalim Shekuwe. Chakula chake na usingizi wake vilikuwa tungo za Mwinyi Sharo, malenga aliyekufa zamani sana hata kaburi lake likasahaulika. Miji mingine ya mwambao nayo ilikuwa na watu wa namna hiyo, mmoja hapa, mmoja kule, kila mmoja akidhani marehemu alimpenda yeye peke yake.

Aliyewaunganisha ni Mwana Shei, muuza udi, aliyeizunguka miji hiyo na punda wake. Kwa kila mwanachuoni alikaribishwa kahawa, naye akatoa habari: fulani ameupata ubeti uliopotea, fulani amegundua kwamba Mwinyi Sharo alioa mke wa pili, na ndiyo maana tungo zake za uzeeni zina huzuni. Kisha huuliza, nawe watafuta nini? Mwenyeji husema asilolijua, na swali lake hupanda punda pamoja na udi kwenda mji wa pili.

Maalim Shekuwe alikunywa kahawa, akasikiliza ya wenzake, na zamu yake ilipofika akajibu vilevile kila mwaka, kwamba yeye hatafuti, yeye ameshafika.

Uongo mtupu. Kulikuwa na mstari mmoja uliomkaa kooni kama mwiba wa samaki: *Napanda nikisimama, bahari mbili naona.* Wanafunzi aliwaambia bahari hizo ni dunia na akhera, nao wakatikisa vichwa kwa heshima. Akairefusha fasiri hiyo hadi ikaushinda utungo wenyewe kwa urefu. Lakini yeye mwenyewe haikumwingia. Moyoni aliamini kuwa Mwinyi Sharo alisimama mahali, kwa miguu yake, akaona maji ya kweli. Naye alitaka jambo moja tu kabla ya kufa: asimame palepale, aone alichokiona mwenziwe. Sasa mtu aliyeshafika ataulizaje njia?

Alasiri akijinyoosha kitandani, Mwinyi Sharo humjia. Mzee mwembamba, upindo wa kanzu umelowa, amempa mgongo. Huenda pamoja katika njia ya mchanga usio na sauti, kati ya nyumba zisizo na milango, na mwanga ni mweupe kama tui. Shekuwe akitaka kuuliza, kinywa hujaa pamba. Mzee hupanda, hupanda, akawa mdogo kama kipepeo, akayeyuka. Kila mwaka tui lile lilizidi kuwa zito. Siku moja Shekuwe akaamka, nalo halikuondoka. Ukungu wa ndotoni ulikuwa umehamia machoni.

Mwana Shei alipokuja safari ile, alimaliza habari zake, akainua finjani.

"Nawe Maalim umeshafika, au siyo? Basi nikusanye virago."

"Keti, Mwana Shei."

Wanafunzi barazani wakageuza shingo.

"Kuna mahali sipajui," akasema, na sauti ikamtetemeka kama ya mtoto wa chuoni. "Mtu asimame wapi, aone bahari mbili?"

Mwana Shei hakucheka, ingawa ulimi ulimwasha. Akaahidi kulibeba swali, akaenda zake.

Mwezi ulipoandama tena alirudi na mgeni, Maalim Famau wa mji wa Wangeni, mnene, anatweta.

"Ndugu yangu," Famau akasema, "hapo si mnara wetu uliobomoka? Upande huu bahari kuu, upande huu hori, bahari iliyoingia bara. Watoto huuparamia kila siku."

"Mbona hukuleta habari?"

"Habari gani? Kwetu ni mnara tu. Na binti yangu ameolewa hapa Shungwi, mtaa wa nyuma. Kila Rajabu napita mlangoni pako, nakuamkia, waitikia, naenda zangu. Uliniuliza lini nikakunyima?"

Shekuwe akamgeukia Mwana Shei. "Nawe, miaka yote hii, hukushuku kuwa nina swali?"

"Nilishuku, Maalim. Lakini kumjibu asiyeuliza si elimu, ni umbea. Na mimi nauza udi."

Wakampandisha punda hadi Wangeni. Mnarani alipanda ameshika bega la Famau, kidato kwa kidato, mpaka upepo ukampiga kifuani. Famau akamuuliza aona nini. Akasema, tui tu.

Akasimama. Kushoto mawimbi yalikuwa yakivunjika mwambani, yakirudi, yakivunjika. Kulia maji yalinong'ona katika mikoko kama watu wasiotaka kumwamsha aliyelala. Akageuza uso huku, akageuza huku, na machozi yakamshuka taratibu.

"Huku maji yana rangi gani?" akauliza.

Famau akamwambia.

"Na huku?"

Famau akamwambia. Akauliza kuhusu ndege, kuhusu mchanga, kuhusu kivuli cha mnara kimeangukia wapi. Akauliza mpaka Famau akakaa chini kwa kuchoka, naye bado anauliza, mzee mzima, mbele ya watoto waliopanda kuchungulia. Na mtoto mmoja alipotaka kujua kwa nini babu huyu anauliza vitu vinavyoonekana, Maalim Shekuwe akamjibu bila kugeuka:

"Kwa sababu mficha swali, mwanangu, jibu humpita mlangoni."