Sindano Iliyopapasa Moyo wa Asimwe

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mama mwenye mabinti wawili, Asimwe na Atugonza. Katika ukoo wao mlikuwa na ugonjwa wa moyo kukakamaa. Ukampata Asimwe. Alipopelekwa kupasuliwa, mama akakubali kipande kidogo cha moyo wake kibaki kwa wataalamu, wakichunguze. Asimwe hakuamka. Wakamzika, na kile kipande kikabaki kinapiga.

Ndiyo, kinapiga! Msinitolee macho. Nambua, mtunza seli, alizitenga seli chache za kipande kile zilizokuwa bado hai, akaziweka katika kisahani chenye maji ya uvuguvugu, akazilisha, nazo zikaendelea kudunda. Mwenzake, Mutalemwa, alikuwa na hadubini isiyotazama. Yenyewe hupapasa, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Ina sindano ndogo mno, ncha yake haionekani kwa macho. Sindano ikitua juu ya seli, seli ikadunda, sindano huinuka, na mstari kwenye kompyuta huinuka nayo.

Kazi ilikuwa hii: kutia dawa mpya kisahanini, kisha kuzibonyeza seli kwa sindano, wajue kama dawa inalainisha moyo uliokakamaa. Ikilainisha, Atugonza angepewa, maana naye alishaanza kuhema akipanda ngazi. Lakini seli zikishabonyezwa hivyo, haziponi.

"Kabla hamjazibonyeza," mama akasema, "niacheni nimuage mwanangu."

Wakamwingiza. Katika chumba kile hakuna kuongea, hakuna hata kuburuta kiti, kwa kuwa sindano husikia kila mtikisiko. Mama akaambiwa anyamaze. Lakini kwao mtu haagwi kimya, huitwa jina. Akaita, "Asimwe!"

Mstari ukaruka.

"Ameitika?" mama akauliza.

Mutalemwa alijua ni sauti tu iliyoitikisa sindano. Akautazama uso wa yule mama. "Ameitika, mama."

Siku ile mama alikula, mara ya kwanza tangu mazishi. Kesho yake akarudi. "Asimwe!" Mstari ukaruka. "Ngojeni hadi kesho, wanangu." Wakangoja. Kesho yake akarudi tena. "Asimwe!" Mstari ukaruka. "Ngojeni hadi kesho." Wakangoja. Nambua akazilisha seli, akanyamaza.

Asubuhi moja wakakuta seli zote zimekufa. Mstari umelala. Kabla hawajamwambia, mama akaingia, akaita, "Asimwe!"

Mstari ukaruka.

Kisha ukalala, bila ule mdundo wa kila siku. Mama akautazama. Akaita tena, polepole. Ukaruka, ukalala. Akamwangalia Mutalemwa, akamwangalia Nambua, wote wawili wakainamisha vichwa. Uchungu alioupata mama yule mimi sina maneno yake.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," akasema. "Hata siku moja hakuwa yeye."

Mutalemwa akasema, "Kosa ni langu, mama. Nilikuonea huruma, nikakudanganya."

Nambua akasema, "Hapana, ni langu. Yeye alidanganya mara moja, mimi nilinyamaza kila asubuhi. Nilijua hazitadumu. Lakini nilikuona umeanza kula, nikashindwa kukunyang'anya."

Mama akasema, "Ninyi ni watu baki. Mimi ndiye niliyewazaa mabinti wote wawili. Usiku namsikia Atugonza anavyohema. Nikamwita aliyekwenda, nikamsahau aliyebaki."

Na Atugonza mwenyewe alikuwa nje, kwenye benchi, mkono kifuani, anangoja aambiwe kama dawa inafaa.

Haya, wenzangu. Mimi nimewafikisha mlangoni, kuvuka siwezi. Mtu mmoja lazima atoke akamwambie binti yule kwamba jibu hakuna, na seli nyingine za dada yake hazipo. Je, nani alistahili kutoka?