Tone Jeupe Kwenye Nati

Rangi ya fundi haikazi nati.

Mmeisikia leo kwenye mkutano wa maji, yule mama alipoitumia kumwambia mwenyekiti kwamba mhuri wake haujawahi kujaza ndoo. Mkacheka, na sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Ninyi mnadhani kila methali ilizaliwa na mababu wakichunga ng'ombe. Hii haijafikisha hata miaka arobaini. Ilizaliwa gereji, chini ya lori, na aliyeizaa alikuwa mwanamke mwenye grisi mpaka kwenye nyusi. Tulieni niwaeleze ilivyokuwa.

Makambako, nyuma ya maegesho ya malori, palikuwa na gereji ya Fundi Lutengano Sanga. Mzee huyo alikuwa na desturi moja: kila nati aliyoikaza kwa mkono wake aliipaka tone la rangi nyeupe. Mwanzoni ilikuwa desturi ya maana. Nati ikilegea, rangi hupasuka, na fundi anajua pa kuangalia. Lakini miaka ilivyokwenda, rangi ile ikageuka hirizi. Gari likirudi na ubovu, mafundi walitafuta kosa kila mahali isipokuwa penye rangi. Kuna siku oili ilidondoka wazi wazi kutoka kwenye nati iliyopakwa, nao wakalaumu barabara.

Velonika Mwinuka alikuwa akifanya kazi hapo kwa mwaka wa sita. Fundi Lutengano mwenyewe ndiye aliyempokea wakati gereji nyingine zilipomwuliza kama amepotea njia ya kwenda saluni. Alimfundisha spana, akamfundisha kusikiliza injini. Velonika alimheshimu kama baba yake mzazi. Hakuwa na kazi nyingine, na wala hakuitamani.

Msimu mmoja wa kupanda, Mzee Chelestino Mbilinyi alileta lori lake likiwa na klachi iliyoungua. Juu lilikuwa limesheheni mbegu za viazi, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Fundi Lutengano aliifunga klachi mpya kwa mkono wake, huku akipiga soga na watazamaji, kisha akaipandisha giaboksi na kuzipaka nati zote rangi. Velonika aliachiwa kazi ya nje tu: kuunga bomba, kujaza mafuta ya klachi na kuyapuliza ili hewa itoke.

Asubuhi Chelestino akawasha. Akakanyaga klachi, akasukuma gia. Gia ikasaga kama mtu anayetafuna changarawe, ikakataa kuingia. Akazima injini, na gia ikaingia bila ubishi. Akawasha tena huku amekanyaga klachi mpaka chini, na lori likaruka mbele, likaangusha pipa la oili chafu. Mafundi wakatawanyika.

"Klachi haikati!" Chelestino akapiga kelele kutoka dirishani.

Fundi Lutengano hakuinama hata kuchungulia. "Hewa hiyo. Velonika hakupuliza vizuri. Apulize tena."

Velonika akapuliza. Akapuliza mara ya pili, na ya tatu. Mafuta yalitoka safi, bila povu hata moja. Akarekebisha pedeli. Gia ikaendelea kusaga.

Kufikia adhuhuri, Fundi Lutengano akasema mbele ya watu wote, "Miaka sita, na kupuliza klachi kumekushinda. Hili lori lisipoondoka leo, vua ovaroli uitundike pale." Akaonyesha msumari ulioko mlangoni. Waliowahi kutundika ovaroli kwenye msumari ule walikuwa watatu, na hakuna aliyewahi kurudi.

Iliuma. Angetukanwa na mpita njia asingejali, lakini huyu alikuwa mwalimu wake. Velonika akaingia chini ya lori ili asionekane uso, na alipokuwa huko hasira ikawa kubwa kuliko machozi.

"Mzee Chelestino," aliita, "nikanyagie klachi, uiachie, ukanyage tena."

Chelestino akakanyaga. Velonika akautazama ule mkono wa chuma unaoingia ndani ya giaboksi kuisukuma klachi. Akauwekea alama ya chaki. Ulikwenda zaidi ya upana wa kidole gumba, ukarudi; ukaenda vilevile, ukarudi. Kungekuwa na hewa, usingefika mbali hivyo. Basi kazi yake ya nje haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ndani, na ndani palikuwa pamefungwa kwa nati zenye rangi nyeupe.

Kusema kweli, alikwisha kulihisi tangu alipopuliza mara ya pili. Aliogopa tu kulikiri hata moyoni. Sasa akatoka, akaenda kwenye meza ya vifaa, akachukua spana namba kumi na saba.

"Unakwenda wapi na hiyo?" Fundi Lutengano aliuliza.

"Nashusha giaboksi, Fundi."

"Huoni rangi?"

"Naiona."

"Mimi nafunga klachi tangu mama yako hajaolewa!"

"Najua, baba. Shikamoo yako naitoa kila asubuhi, na kesho nitaitoa, hata kama nitaitolea barabarani. Lakini lile lori halitambui shikamoo. Rangi ya fundi haikazi nati. Nati hukazwa na spana, na spana ndiyo hii."

"Ukigusa nati moja, ovaroli kwenye msumari."

"Nikiacha kugusa, inakwenda msumarini vilevile. Bora iende nikiwa nimefanya kazi."

Akalala chini, akaipachika spana kwenye nati ya kwanza, akavuta. Rangi ikapasuka. Hakuna radi iliyopiga. Mafundi wawili wakatazamana, kisha wakaja na jeki bila kuitwa.

Giaboksi ikashuka, klachi ikafunguliwa. Velonika akaitoa sahani ya klachi, mpya kabisa, ila katikati ilikuwa imechubuka na kung'aa mahali ilipokuwa ikisuguana na bolti za injini. Ilikuwa imefungwa kinyume. Upande wenye springi, unaotakiwa kutazama giaboksi, ulikuwa umetazama injini. Pembeni palikuwa na maandishi madogo ya kiwandani. Akaifuta, akampa mzee.

"Soma, Fundi."

Fundi Lutengano akaisogeza karibu, akaipeleka mbali mpaka mkono ukaisha. Midomo ikacheza, lakini neno halikutoka. Hapo Velonika akaelewa, na hasira ikamtoka mara moja, akabaki na huzuni. Macho yalikuwa yamekwisha kumwacha mzee, naye aliona haya kuomba msaada wa kusomewa.

"Imeandikwa upande huu utazame injini," Velonika akasema polepole. "Ulikuwa umetazama giaboksi."

Mzee akakaa juu ya tairi.

Velonika akaigeuza sahani, akafunga, akapandisha giaboksi, akapuliza. Jua lilikuwa halijashuka kufikia paa la jirani, Chelestino alipokanyaga na kusukuma gia. Ikaingia kimya. Akaitoa, akaingiza ya pili, akaingiza ya nyuma. Akaanza kucheka peke yake mle ndani.

Ndipo Fundi Lutengano akainuka, akachukua kopo lake la rangi na ile brashi ndogo, akampa Velonika kwa mikono miwili. Hakuna fundi aliyewahi kukabidhiwa kopo lile.

"Paka wewe," akasema. "Ni nati zako."

Wenzake wakaanza kupiga makofi. Velonika akalitazama kopo, akalifunika, akamrudishia mzee kwa mikono miwili vilevile.

"Sipaki, baba. Nikipaka leo, siku nitakayokosea nani atathubutu kufungua?"

Lori likaondoka na mbegu zake, na mvua ikazikuta ardhini. Ovaroli haikufika msumarini. Fundi Lutengano alinunua miwani mwezi huohuo, na kila alipofunga kitu alimwita mtu aje akichungulie kabla hajafunika.

Basi, mkiletewa kazi mkaambiwa msiiguse kwa sababu ya jina la aliyeifanya, salimieni kwa adabu, halafu mshike spana. Na siku jina hilo likiwa lenu, msimzuie anayekuja kufungua. Rangi ya fundi haikazi nati.