Saumu ya Fisi na Kisima cha Wote

Sogeeni. Hadithi hii anayeijua vizuri ni mimi; wengine wote wameidokoa kwangu.

Jua liliwaka mwaka mzima hata Mamba akasahau kuogelea. Zamani, pembe ikilia, kila mnyama alikwenda msaragambo kuzibua kisima cha wote. Kisha kila mmoja akajichimbia kidimbwi chake, kisima kikajaa takataka. Sasa vidimbwi vimekauka, na watoto wa Swala hawana hata machozi ya kulilia.

Ijumaa, Kobe, imamu wao, akapanda kichuguu. "Mnamwomba Mungu mvua, na kisima alichowapa babu zenu mmekifukia! Jasho la msaragambo nalo ni ibada. Pigeni pembe!"

Wee! Pembe ikalia. Hata Simba alishika jembe, ila alitaka achimbe wa kwanza, tena atazamwe.

Fisi alikuja na tasbihi shingoni. "Ndugu zangu, mimi nimefunga. Siwezi jembe. Nitawalindia chungu cha kande."

Siku ya pili kande ilipungua. Siku ya tatu chungu kilirambwa kikang'aa, na sharubuni mwa Fisi imenasa punje ya hindi. Magharibi akadai futari, sahani mbili!

Sungura aliiona ile punje, akajichekea. Asubuhi akapaza sauti: "Sheikh Fisi! Saumu kama yako haijapata kuonekana. Bwana Simba, tuiwekee nadhiri: Sheikh asile mpaka maji yatoke. Akae hapa ukingoni, tumwone, tupate baraka."

"Amina!" wanyama wakaitikia.

"Nimeridhia mimi!" akanguruma Simba.

Fisi akanong'ona, "Sungura, mdogo wangu, maji yatatoka lini?"

"Mwezi ujao, Sheikh. Labda wachimbaji waongezeke."

Adhuhuri harufu ya kande ikapita. Fisi akatundika tasbihi mtini, akaruka shimoni. Alichimba kwa makucha, kwa pua, kwa meno! Mchanga ulipaa hata Twiga akafumba macho. Mara fyuuu! Maji yakabubujika, yakampindua miguu juu.

"Nivuteni! Kande nilikula mimi, jamani, yote!"

"Tunajua," alisema Kobe, akimteremshia kamba. "Toka ule. Kesho zamu yako ya jembe."

Watoto wa Swala walikunywa mpaka matumbo yakalia kama ngoma. Na tangu hapo pembe ikilia, Fisi hufika wa kwanza, jembe begani, akitazama chungu kwa mbali.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.