Mize na Zimwi la Pangoni

Hadithi imefika mlangoni, wenzangu, iitikieni iingie.

Hapo kale zimwi lilimteka Mkasi, mdogo wake Mize, likamfungia pangoni. Vijana walikwenda kumkomboa, asirudi hata mmoja. Ndipo Mize akamwendea Maalim Shee, mcha Mungu aliyeishi peke yake akisuka mikeka.

"Maalim, nikienda zimwi litanila?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi nipe hirizi."

"Sina."

"Naogopa, Maalim. Hofu hii itaniondoka lini?"

"Haitakuondoka. Nenda nayo."

Mize akatoka amekasirika, lakini akaenda. Mbele ya pango aliyakuta mawe yenye sura za vijana wa kwao. Zimwi likajitokeza, likauliza, "Unaniogopa?"

Alitaka kusema hapana, ila hofu alikuwa amekuja nayo. "Nakuogopa," akajibu.

Likauliza mara ya pili, likauliza mara ya tatu, na Mize akajibu vilevile.

"Wenzako walinidanganya, nikawageuza mawe," zimwi likanguruma. "Wewe nikushike wapi?" Likayeyuka kama moshi. Mawe yakawa watu, na Mkasi akatoka mbio akamkumbatia dada yake.

Kesho yake Mize alirudi kwa Maalim. "Ulijuaje kuwa hofu yangu ingeniokoa?"

"Sikujua," akasema Maalim, mikono ikiendelea kusuka. "Nilijua tu kwamba ukingoja ikuondoke, Mkasi atazeekea pangoni."