Nguchiro na Futari ya Kichakani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge, kama nyie ndio mliofunga? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, vijana wa wanyama walikuwa na kikundi chao. Walisoma Kurani pamoja, walipiga dufu pamoja, na Ramadhani walifuturu mkeka mmoja. Raha tupu!

Kiongozi wao alikuwa Nguchiro. Alichaguliwaje? Alikuwa na sauti kubwa, basi. Leo akapiga marufuku dufu, kesho akapiga marufuku kucheka. Pelele, mpiga dufu wao, akachekea puani.

Siku moja Digidigi akaja anatetemeka. "Kaka Nguchiro, nina homa. Dini imeniruhusu kula, nitalipa nikipona."

"Ukila, huna kikundi!"

Digidigi aliwapenda mno wenzake. Akafunga na homa yake, masikini wa Mungu.

Jua likazama. Jogoo akaadhini. Mikono ikaenda kwenye tende.

"Bado!" akafoka Nguchiro. "Wachamungu wa kweli husubiri mpaka nyota zijae!"

Uji ukapoa. Matumbo yakalia, nguru, nguru.

"Bado!"

Digidigi akaanguka, puu! Macho yakamgeuka meupe.

Pelele akaruka na kata ya maji. "Tumehimizwa tuharakishe kufuturu. Hiyo bado yako umeitoa wapi? Kunywa, dada."

"Anayekunywa ametoka kwenye kikundi!" akapiga kelele Nguchiro.

"Basi nimetoka," akasema Pelele, tende shavuni.

"Na sisi tumetoka!" wakaitikia wengine. Wakatoka wote, Digidigi wakambeba, na sufuria ya uji wakaibeba.

Nguchiro akabaki mkekani peke yake, kiongozi yeye, wanachama yeye. Akataka kufoka, koo limekauka. "Ba... ba..."

Wenzake wakaangua kicheko. Digidigi hakucheka. Maji yalikwisha kumrudishia uhai kidogo, akajikokota na kata mpaka mkekani.

"Kaka, magharibi imeingia zamani. Toka na wewe, uje tule."

Nguchiro akayatazama maji. Akamtazama mgonjwa aliyeyaleta. Aibu ikamshika, machozi yakamdondoka. Akayagugumia maji, gu, gu, gu! Kisha akatoka.

Wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya mmesinzia: dini ni wepesi. Usijiongezee mzigo ambao Mungu hakukutwisha, kisha ukambebesha mwenzako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka nyingine, asimulie yeye.