Hodi ya Zimwi Bwawani

Mliokaa na mliosimama, nitegeeni masikio. Sikudhani alijenga tuta kwa udongo aliobeba kichwani, akapata bwawa lake dogo la watu kuogelea na kupunga upepo. Zimwi likalitamani. Lakini zimwi haliingii kwa mtu mpaka liambiwe karibu.

"Hodi," likanguruma, refu kama mnazi.

Ulimi ukamwasha Sikudhani, maana hakuwahi kuacha hodi bila jibu. Akauuma. Zimwi likanywea, likawa kimo cha mbuzi.

"Hodi." Kimya. Likawa kama kuku.

"Hodi, mama. Huna adabu?"

"Adabu ninayo, na bwawa ninalo. Hilo neno unalolingoja hulipati."

Likasinyaa, likawa chura. Ukilisikia ukingoni linapiga hodi, usijibu. Piga mbizi.